Matumizi, Ziada na Kujitegemea: Somo kutoka Pwani ya Lindi

Wito wa kubana matumizi umetolewa mara nyingi katika nchi yetu tangu Uhuru. Umetolewa wakati wa vita na wakati wa ukame. Umetolewa na Chama na umetolewa na Serikali. Hata hivyo, mara nyingi umewafikia wananchi kama nasaha ya tabia njema tu: usinywe sana, usivae sana, weka akiba. Nasaha hiyo si mbaya. Lakini haijibu swali ambalo kada yeyote ataulizwa akisimama mbele ya mkutano wa mtaa: nani abane, abane nini, na kile kinachobanwa kiende wapi? Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kutazama maisha ya watu wa mahali pamoja, yaani kata ya Rasbura katika mji wa Lindi, pamoja na pwani inayoizunguka hadi Kilwa.

Kwanza yatupasa tuelewane juu ya neno ziada. Mtu anapofanya kazi huzalisha kwanza kile kinachomlisha, kumvika na kumpa malazi yeye na watoto wake. Kinachobaki baada ya hapo ndicho ziada. Ziada ikiwa ndogo, kama ilivyo kwa mkulima mdogo na mvuvi mwenye ngalawa, kila senti yake ina uzito. Ndiyo mbegu ya mwaka ujao, ndiyo ada ya shule, ndiyo nauli ya kwenda hospitali. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya ufujaji tunazungumza juu ya hatima ya ziada hiyo: imezalishwa na nani, imeliwa na nani, na imeacha nini nyuma yake.

Sasa tutazame Rasbura. Kama ilivyo katika kata nyingine za mji wa Lindi, watu wake wanaishi kwa uvuvi, biashara ndogondogo, vibarua na kazi za ofisi, na jamaa nyingi zina mashamba nje ya mji. Mashamba hayo ndiyo yanayoleta fedha za mkupuo, na huzileta mara mbili kwa mwaka. Katikati ya mwaka inauzwa ufuta. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka inauzwa korosho. Baada ya hapo mvua zinanyesha, kazi ya kulima na kupalilia inaanza, ghala la nyumbani linapungua, na mfuko hauna kitu. Miezi hiyo ya kati, kuanzia Januari hadi mazao mapya yakomae, ndiyo inayopima kama jamaa ilitumia vizuri au vibaya fedha za msimu uliopita.

Anayeijua miezi hiyo kuliko mtu yeyote ni mnunuzi wa kangomba. Kwa kada asiyetoka Kusini, kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu halali, kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, na kwa bei anayoitaka mnunuzi. Mara nyingi korosho hununuliwa ingali maua juu ya mti. Mkulima anahitaji fedha mwezi wa Machi, mnunuzi anampa, na msimu ukifika mnunuzi anakuja kuchukua magunia yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho mwaka 2007, ulikusudiwa kumkinga mkulima kwa kukusanya mazao katika ghala na kuyauza kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Mfumo huo una kasoro zake, na wakulima wenyewe wamezisema waziwazi: makato mengi, na malipo yanayochelewa. Lakini hata ungekuwa hauna kasoro hata moja, usingeweza kumkinga mtu ambaye korosho zake zilikwisha kuuzwa miezi saba kabla ya mnada.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili lionekane. Mkulima ana gunia la kilo mia moja. Mnadani kilo moja inauzwa shilingi 2,000, kwa hiyo gunia ni shilingi 200,000 kabla ya makato. Machi alikwisha kupokea shilingi 80,000 kwa gunia hilohilo. Amelipa, basi, shilingi 120,000 kwa mkopo wa 80,000 wa miezi michache. Hakuna benki duniani inayothubutu kuandika riba ya namna hiyo katika karatasi zake. Na kama shilingi hizo 80,000 zingekuwa zimewekwa kando Desemba, mnunuzi wa kangomba angepita mlangoni kwake na kuendelea na safari.

Mwezi Novemba 2018 Serikali iliamua kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuibeba. Wakati huohuo ukafanyika uhakiki wa wakulima ili kuwatenga wanunuzi wa kangomba. Malipo ya wengi yalichelewa hadi mwaka 2019. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lilionyesha kwamba amri, hata ikiwa kali kiasi gani, humkamata mnyonyaji msimuni, ambapo unyonyaji wenyewe ulikwisha kufanyika wakati wa palizi. Tena ule ucheleweshaji uliwaumiza zaidi wale wasiokuwa na akiba, ambao ndio hao hao amri ilikusudia kuwalinda.

Hapa msomaji atauliza: fedha za Desemba huenda wapi? Hatuna budi kulijibu hili kwa uangalifu, kwa kuwa kumekuwa na desturi mbaya ya baadhi ya makada kufika Kusini na kutangaza kwamba umaskini wa watu wa Lindi na Mtwara unatokana na kupenda ngoma. Huo ni uvivu wa fikra. Sehemu kubwa ya fedha za msimu hulipa madeni, bati, dawa ya kupulizia mikorosho, ada na sare za shule. Hayo si matumizi ya anasa. Mkulima anayenunua bati kumi hafuji. Anaondoa makuti ambayo angeyabadilisha tena baada ya miaka michache.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba kuna sehemu inayokwenda katika shughuli. Jando na unyago ni vyuo vya zamani vya watu wa pwani na bara ya Kusini. Humo mwali hufundishwa na kungwi wake namna ya kuishi na watu, kuheshimu wakubwa, kuutunza mwili wake. Gharama ya chuo hicho kwa asili ilikuwa chakula, ambacho jirani na jamaa walikileta kutoka mashambani mwao, na kazi ya mikono, ambayo kila mmoja aliitoa kwa zamu. Leo shughuli ileile imeingiliwa na soko. Kuna kukodi vipaza sauti na jenereta. Kuna turubai na viti vya plastiki. Kuna mpiga picha za video. Kuna sare: upande wa mama mzazi kanga za aina moja, upande wa shangazi kanga za aina nyingine, na shughuli ya mwezi ujao kanga mpya kabisa, kwani aliyeonekana na sare ya mwaka jana atasemwa. Halafu kuna kutunza, ambako noti hutolewa hadharani na kila mtu akaona nani ametoa nini.

Kungwi hapati sehemu kubwa ya fedha hizo. Mafunzo yenyewe hayajaongezeka. Kwa kweli siku za kumkalisha mwali ndani zimepunguzwa ili zilingane na likizo ya shule. Kilichoongezeka ni ununuzi. Faida yake inakwenda kwa mwenye duka la kanga, mwenye turubai, mwenye spika. Vilevile mambo yamekuwa hivyo katika harusi za mjini zenye kamati, kadi za michango na ukumbi. Mtu anayepokea kadi tano za michango kwa mwezi mmoja anajua tunasema nini, na hatuhitaji kusafiri hadi Lindi kumwona. Yumo Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi.

Tofauti hii kati ya shughuli na ununuzi uliopandikizwa juu ya shughuli ni muhimu kwa kada. Akiipiga vita shughuli, atapambana na mama zake na atashindwa, na atastahili kushindwa. Akiisaidia jamii kuutenga ununuzi, atakuta kwamba wanawake wengi wamekwisha kulifikiria jambo hilo kabla yake, ila kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza. Mtu mmoja akiacha kununua sare anaitwa bahili. Mtaa mzima ukikubaliana kwamba kila mtu avae kanga aliyonayo, hakuna wa kusemwa. Kwa sababu hiyo kuishi kwa kiasi hakuwezi kubaki kuwa fadhila ya mtu binafsi, kwani ushindani wa mali unafanyika baina ya watu, na hauwezi kukomeshwa isipokuwa na watu hao kwa mapatano yao.

Tumezungumza juu ya ufujaji mdogo. Historia ya pwani hiihii inatuonyesha ufujaji mkubwa, na ni wajibu wetu kuuweka pamoja na ule mdogo katika mizani moja.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, maana yake baba wa vipawa. Msafiri alimsifu kwa ukarimu wake. Lakini yeye mwenyewe ameandika pia kwamba sultani huyo alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kuteka mali zao, kisha akitenga fungu la tano la ngawira kwa ajili ya matumizi ya dini. Ukarimu wake, basi, ulilipwa na waliotekwa, pamoja na faida ya dhahabu iliyopita katika bandari yake kutoka Sofala. Jumba la Husuni Kubwa, ambalo wachimbaji wa mambo ya kale wanalihusisha naye, lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane, likitazama bahari. Halikukamilika. Lilikaliwa muda mfupi na likaachwa. Ibn Battuta anasimulia tena kwamba ndugu yake Daud, aliyemrithi, alipoombwa na masikini alijibu kwamba mtoaji amekufa na hakubakiza cha kutoa. Watu wamekuwa wakimcheka Daud kwa ubahili. Sisi tunamwona kama mtunza hazina aliyeachiwa hazina tupu.

Miaka mia sita baadaye ukaja mfano mwingine, mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliendesha mradi wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, na wataalamu wake walichora ramani ya mashamba ya eka zaidi ya milioni tatu. Vikaletwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na mitambo mikuukuu iliyoachwa na majeshi. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji na kuvunja majembe. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa gati Mkwaya karibu na Lindi, bandari mpya Mtwara, na reli ya kuingia bara. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 36. Reli ikabaki bila mzigo wa kubeba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Na huo ni utawala uleule uliozoea kumwambia mkulima wa Kusini kwamba hajui kupanga matumizi yake.

Kanga zote zilizopata kuvaliwa katika unyago wa Lindi hazifikii gharama ya reli hiyo. Hatusemi hivi ili kuusamehe ufujaji mdogo. Tunasema hivi ili kada asisahau mpangilio wa ukubwa: maamuzi yanayofuja zaidi hufanywa na wenye madaraka juu ya ziada ya wengine.

Na hapa ndipo Azimio la Arusha lilipoanzia. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na moja ya malalamiko yao lilikuwa mishahara minono ya viongozi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, lakini papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio likatangazwa pamoja na masharti yake ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mkulima wa Lindi hakuwa na hisa wala nyumba ya kupangisha. Masharti hayo hayakumhusu yeye. Yaliwahusu waliotaka kumwongoza, na kwa sababu hiyo aliyaelewa upesi sana.

Kipimo chake kilikuja baada ya vita vya Kagera. Mwaka 1979 wananchi waliombwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na mkanda haukulegezwa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, gharama za vita hazikurudishwa na mtu yeyote, viwanda vikakosa vipuri. Sabuni, sukari na vitambaa vikawa vitu vya foleni. Katika kipindi hicho lilifanyika kosa la nadharia ambalo halina budi kutajwa: uhaba ulianza kuitwa kubana matumizi. Haya ni mambo mawili mbalimbali. Anayebana matumizi ana uwezo wa kununua na ameamua kutonunua. Aliye katika uhaba hana la kuamua. Tena uhaba haumfundishi mtu kiasi, humfundisha kuficha. Aliyepata miche mitatu ya sabuni aliitaka kumi, kwa kuwa hakujua ya nne itatoka wapi. Ilipoanza vita dhidi ya uhujumu uchumi mwaka 1983, wapo waliotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo, katika nchi ambayo watu walikuwa wakizililia bidhaa hizohizo.

Februari 1991, huko Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa. Mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali zake. Kutamka mali ni jambo jema, lakini ni jambo jingine. Sharti la 1967 lilimwambia kiongozi asiwe nazo. Sheria ya 1995 inamwambia aziandike. Kada kijana aliyezaliwa baada ya hapo amekua akiliona shangingi la ofisi likiwa limewashwa injini nje ya ukumbi kwa saa mbili ili ndani mwake pawe na ubaridi, huku ndani ya ukumbi kukiwa na semina juu ya kubana matumizi. Huyu hahitaji kusomewa nadharia ya tofauti kati ya neno na tendo.

Pamekuwapo na vitendo vya kinyume, na haki inataka navyo vitajwe. Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa, siku ikafanywa ya usafi, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa katika upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Desemba 2022 sherehe hizo zilifutwa tena, na shilingi milioni 960 zikapelekwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Ubora wa mfano wa pili, kwa maoni yetu, ni kwamba fedha iliyobanwa ilionyeshwa mahali ilipokwenda, kwa hesabu na kwa idadi ya majengo. Mwananchi aliyekosa gwaride aliweza kuhesabu mabweni.

Jambo moja la nyumbani limefanikiwa kwa njia hiyohiyo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na kikapu kikarudi sokoni. Akina mama wanaosuka ukili walipata soko ambalo walikuwa wamelipoteza kwa mfuko uliotolewa bure. Baadaye ikaingia mifuko mbadala, myepesi, ambayo nayo sasa inaonekana imenasa katika mikoko. Kwa hiyo kazi haijakwisha. Lakini somo lipo: kikapu kinachodumu miaka kinashinda mifuko mia, na fedha yake inabaki kwa msukaji. Kwa upande wa bahari, wavuvi hawahitaji kuelezwa habari za baruti: samaki wengi wanaouawa huzama bila kuokotwa, na mwamba uliowalea unabomoka. Kuhusu samaki wanaooza kwa kukosa barafu tungeweza kuandika makala nyingine. Hapa itoshe kusema kwamba mama anayekausha ng'onda au kukaanga samaki wa jioni anaokoa ziada kuliko semina nyingi.

Sasa kada wa tawi afanye nini? Asianze na hotuba. Vikundi vya upatu na vikoba vipo tayari, vinaendeshwa na wanawake, na vina nidhamu kuliko vikao vyetu vingi. Jambo la kuwauliza wanachama wake ni kama mgao mkubwa unaweza kupangwa uangukie Februari na Machi badala ya Desemba, wakati ambapo kila mtu ana fedha na turubai zimejaa mitaani. Mabadiliko hayo ya tarehe yanaweza kumnyima mnunuzi wa kangomba wateja wengi kuliko msako. Vilevile mkutano wa mtaa unaweza kukubaliana juu ya kikomo cha michango na kuacha sare. Mapatano hayo yatoke kwa makungwi na wazee wenyewe, na Chama kisijifanye mwenye ngoma.

Lakini wananchi watauliza juu ya ofisi kabla hawajakubali, na wana haki. Kwa hiyo kwenye ajenda ya mkutano huo liwekwe kwanza daftari la safari na mafuta ya gari la ofisi, pamoja na gharama za chai na posho za vikao vya mwaka uliopita, lisomwe kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na mwenye swali aulize. Habari za kanga zifuate baadaye.